Jino Lililokataa Kukaa

Safari hii jino lilidondokea kwenye chai.

Fundi alikuwa ameketi mezani peke yake asubuhi, redio ikimsimulia habari za watu asiowajua. Aliuma kipande cha mkate kilicholowa, akasikia kitu kimeachia, na kabla hajawahi kuweka kiganja mdomoni, kitu chenyewe kikagonga ukingo wa kikombe na kuzama. Alikiopoa kwa kijiko. Jino la kupandikizwa, la kauri, jeupe kuliko wenzake wote kinywani mwake, na skrubu yake bado imeshikamana nalo kwa chini, nzima, kana kwamba haikuwahi kukaa ndani ya mfupa wa mtu.

Lile la kwanza angalau lilikuwa na adabu. Lilianza kucheza taratibu, likamsumbua siku kadhaa, likampa nafasi ya kwenda kwa daktari likatolewa kwa heshima. Hili la pili halikuaga.

"Haya, nenda na wewe," akaliambia.

Ndiyo, alikuwa ameanza kuongea na vitu. Aliongea na sufuria, aliongea na cherehani, na kitasa cha mlango kikigoma alikigombeza mpaka kikaona haya. Mtu akiishi peke yake muda mrefu hufika huko, na anayemcheka angoje zamu yake.

Kazi yake ilikuwa kushona mabegi ya shule, yale ya turubai yenye mishono miwili begani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Marehemu mumewe naye alikuwa fundi, tena fundi wa saa, lakini nyumba moja haiwezi kuwa na Fundi wawili, kwa hiyo yeye alipewa jina jingine. Aliitwa Mzee Usingizi. Jina hilo alipewa na mkewe mwenyewe.

Na alistahili, ungemwona! Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la kinyozi, na kila adhuhuri Fundi alipompelekea chakula alimkuta paji la uso limelalia meza, lenzi bado imebanwa jichoni, saa ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake. Wateja wanangoja. Fundi alikuwa anasimama mlangoni na kupiga makofi mawili kama anafukuza kuku. "Jamani, fundi saa! Saa ngapi sasa hivi?" Kinyozi anacheka, wateja wake wanacheka na sabuni mashavuni, na Fundi mwenyewe anaangua kicheko kile chake kilichosikika hadi kona ya pili. "Mwenzenu nimeolewa na mto," alikuwa akisema. Mzee wa watu alikuwa anainuka, anafuta kidevu, na anacheka pamoja nao. Hata siku moja hakujitetea.

Sasa alikuwa amelala moja kwa moja, mwaka wa pili huo. Miezi michache baada ya msiba jino la Fundi la juu, jirani wa chonge, likapasuka. Hakuwa ameuma jiwe wala mfupa. Lilipasuka kwenye mkate laini, likaacha pengo mahali ambapo pengo haliwezi kufichika, kwa sababu ukicheka tu, hilo ndilo linalotangulia kusalimia watu.

Basi akaacha kucheka. Hakukata shauri siku moja, la. Alianza kwa kufunika mdomo na kitambaa, kisha akawa anatabasamu kwa macho tu, kisha akaona njia rahisi ni kutokwenda mahali watu wanapocheka. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi nchi za mbali alipompigia simu ya picha, Fundi aliielekeza kamera darini.

"Mama, naona feni," mtoto alikuwa analalamika.

"Feni haijambo, inakusalimia."

Watu walidhani ni majonzi. Yalikuwepo majonzi, nani kasema hayakuwepo, lakini majonzi yangekubali kuchanganyika na watu. Pengo ndilo lililokataa. Ndiyo maana jino hili halikuwa pambo kwake. Kama lingekaa, angetoka nje. Kama lisingekaa, alijua kabisa kwamba angezeekea kwenye chumba kile na redio ile, na angekuwa amejizoeza kiasi cha kutoona ubaya wake.

Alikausha jino kwa upindo wa gauni, akalifunga kwenye karatasi, akaenda kwa daktari.

Daktari wa meno alikuwa kijana mpole mwenye vidole virefu, mwenye tabia ya kuongea na mgonjwa huku mikono yake yote miwili imo mdomoni mwa huyo mgonjwa, na kungoja jibu. Alilifungua lile karatasi na uso ukamsawijika.

"Mama, si tulikubaliana kuhusu nyuzi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kesi yao ya zamani. Mwanzoni kabisa daktari alimweleza vizuri: skrubu ikishatiwa kwenye taya, mfupa wenyewe ndio unaoishika, na mfupa hauna haraka. Unataka miezi ya utulivu. Skrubu ikisukumwasukumwa kabla haijashikwa, au ikibebeshwa mzigo kupita kiasi, mfupa unaiachia, na hapo hata ungeipaka gundi haikai. Jino la kwanza lilipolegea, daktari alichungulia akaona kijimfereji kidogo pembeni mwa chonge, kimechimbwa kwenye jino kama kwa msumeno. Akauliza ni nini. Fundi, bila kufikiri, akashika uzi usiokuwepo akaonyesha unavyokatwa: unaupitisha ubavuni mwa kinywa, unauma, unavuta. Uzi wa mabegi ni nailoni, si uzi wa kushonea leso, na kila mshona mabegi unayemjua anaukata hivyo kwa sababu mkono mmoja umeshika begi na wa pili umeshika uzi, na Mungu hakumpa mtu mkono wa tatu. Daktari akafurahi kama aliyekamata mwizi. "Basi hii ndiyo sababu," akasema, na hakutazama kwingine.

Fundi akaacha. Alining'iniza mkasi mdogo shingoni kwa kamba, akautumia hadi kidole gumba kikaota sugu mpya.

"Daktari, nitazame usoni," alimwambia sasa. "Tangu ulipotia skrubu ya pili, uzi haujagusa kinywa changu. Ukitaka niape, nitaapa. Ukitaka mkasi, huu hapa shingoni, nimelala nao."

Daktari alimtazama, akaamini. Akavuta kiti. Akaanza upya, na safari hii hakuwa na haraka. Sigara? Fundi hajawahi. Sukari kwenye damu? Ikapimwa, ikawa sawa. Fizi? Safi, huyu mama alipiga mswaki kama anayesugua masufuria ya harusi. Akalichukua lile jino la kauri, akaligeuzageuza chini ya taa. Kichwa chake kilikuwa kimesagika kikawa bapa, na pembeni kulikuwa na kijipande kimebanduka. Akachungulia meno mengine ya nyuma, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa bapa.

"Nilipaswa kuyaona haya mara ya kwanza," akasema polepole. "Nilipoona uzi nikaridhika."

Kisha akafanya jambo ambalo Fundi hakulitegemea. Alivua glavu, akaweka viganja vyake viwili mashavuni mwa Fundi, chini kidogo ya masikio, bila kukaza.

"Uma meno, mama. Achia. Uma tena."

Fundi aliuma. Ni muda gani ulikuwa umepita tangu mtu amguse uso? Watu walimpa mikono, wateja walimgusa bega, lakini uso, hapana. Na mahali penyewe, pale pale chini ya sikio, palikuwa na kumbukumbu yake ambayo hakuwa na nia ya kumsimulia mtoto wa watu kliniki. Machozi yakamlengalenga. Daktari alidhani amemuumiza, akaondoa mikono.

"Misuli yako ya taya ni migumu kama ngumi," akasema. "Mama, wewe unasaga meno usingizini. Tena unasaga kwa nguvu ambayo mtu aliye macho hawezi kuitoa. Hakuna skrubu changa itakayohimili hilo."

"Mimi?"

"Hakuna aliyewahi kukwambia?"

Hapo Fundi akapandwa na hasira, na ilikuwa nafuu kwake, maana hasira inakausha machozi haraka. Kama kulikuwa na kitu alichojivunia duniani zaidi ya mishono yake, ni usingizi wake. "Mimi nikilala ni maji mtungini," ndivyo alivyozoea kujitapa, kwenye vikao, kwenye safari, popote palipotajwa watu wanaokoroma.

"Daktari, mume wangu alikuwa fundi wa saa. Unamletea saa imefungwa ndani ya leso, anaiweka sikioni, anakwambia hii inachelewa. Nimelala ubavuni mwa mtu huyo tangu ujana wangu hadi kifo chake. Mimi nisage meno karibu na sikio lile, asisikie?"

"Na sasa analala nani chumbani?"

"Hilo nalo ni swali la meno?"

Daktari akawa mwekundu wa aibu kadiri ngozi yake ilivyomruhusu, lakini hakurudi nyuma. Alimwonyesha picha ya eksirei. Mfupa uliobaki mahali pale ungetosha skrubu moja zaidi, basi. Baada ya hiyo ni pengo hadi kaburini. Kinga ipo, akaeleza, kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku kinachotenganisha meno ya juu na ya chini. Lakini asiyeamini kwamba anasaga meno haivai. Anaivaa wiki moja, inamkera, anaitupa kwenye droo.

"Sitaki kutia skrubu ya mwisho ili tuje tuiopoe kwenye chai," akasema. "Uamini kwanza."

"Nitakuletea shahidi," Fundi akasema, akachukua mkoba wake. "Utaniomba radhi."

Shahidi mwenyewe alikuwa nani? Njiani alihesabu akaona wamebaki wachache kiasi cha kutisha. Mama yake hayupo. Dada zake hawapo. Mwanawe alilala chumba chake tangu utotoni. Katika watu wote walio hai juu ya ardhi, aliyewahi kulala chumba kimoja naye akiwa na akili za kukumbuka alikuwa mmoja tu, na huyo walikuwa hawasemezani.

Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu. Wakati wa msiba alikuja kukaa naye, wakalala chumba kimoja, kitanda kwa kitanda. Siku za msiba zilipokwisha na watu wakatawanyika, wifi akasema hataondoka, atakaa naye kidogo. Fundi, ambaye wakati huo alitaka nyumba iwe tupu ili alie atakavyo, akamjibu vibaya. "Sihitaji kulindwa kama mtoto mchanga, wifi. Nenda kwako." Wifi alifunga mzigo wake akaondoka. Tangu hapo ikawa salamu za kupelekewa na watu.

Alimkuta uani akianua nguo. Nyumba ya wifi ilikuwa imejaa wajukuu; mmoja alilia, mwingine aliimba, wa tatu alimburura paka. Fundi alishika ncha ya kitambaa mdomoni.

"Karibu," wifi akasema bila kugeuka. "Umepotea."

"Nimepotea kweli, wifi."

"Toa hicho kitambaa. Pengo nimeliona tangu ulipofungua geti."

Fundi akakitoa. Wifi alimtazama, kisha akamtupia ncha mbili za shuka. Ilikuwa shuka kubwa, imekauka kwa jua. Wakaivuta, wakaikung'uta, wakakaribiana kuzikutanisha ncha, wakarudi nyuma. Fundi alistuka kuona mikono yake inakumbuka. Kwake nyumbani shuka alizikunja peke yake, akibana upande mmoja kwa kidevu, na siku zote zilitoka zimepinda.

"Nimekuja kutaka ushahidi wako," akasema.

"Umeshtakiwa?"

"Daktari wa meno ananisingizia. Anasema nasaga meno usingizini. Meno yake ya kupandikiza hayakai, sasa anataka kunibambikia mimi kosa. Wewe ulilala chumba kimoja nami msiba mzima. Nataka umwambie ulichosikia."

Wifi aliikunja shuka, akachukua nyingine, akamtupia ncha. Alikuwa mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, na Fundi hakuwahi kumwona akitafuta neno. Sasa alikuwa analitafuta.

"Wifi, nikimwambia nilichosikia, utashindwa kesi."

"Yaani?"

"Nilidhani panya kaingia kabatini. Nikawasha taa. Nikakuona." Wifi alisogea na ncha zake, wakawa uso kwa uso. "Taya linakwenda kama mtu anayetafuna changarawe."

Fundi alitaka kucheka, kwa sababu hiyo ndiyo njia yake ya kale ya kumkatisha mtu, lakini kicheko hakikuja.

"Ni majonzi," akasema. "Ilikuwa msiba."

"Si majonzi."

"Wewe utajuaje? Kama ningekuwa hivyo siku zote, kaka yako angeniambia."

Wifi aliiachia shuka upande wake. Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akapangusa uso kwa upande wa kanga.

"Aliniapisha," akasema. "Nisamehe, kaka, lakini huyu atakosa meno kwa ajili ya siri yako. Wifi, alijua. Alijua tangu wiki ya kwanza mlipooana. Kule hospitali alikolazwa, siku ile ulipotoka kwenda kununua maji, alinishika mkono akaniambia: dada, usimwache alale peke yake. Lala naye. Ukimsikia ameanza, weka kiganja hapa." Aligusa taya lake, chini kidogo ya sikio. "Usikaze, uweke tu. Atakitupa. Kirudishe. Atakitupa tena. Kirudishe. Mwisho atatulia."

Uani kulikuwa na kelele za watoto, lakini Fundi hakuzisikia. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe, ya miaka na miaka, yenye usingizi na kero: *Toa mkono, bwana, joto!* Na mkono unaondoka. Na asubuhi akiamka anaukuta tena palepale shavuni, mwepesi, kama umesahauliwa. Alidhani ni ukaidi. Siku nyingine, akiwa na moyo mzuri, alidhani ni mapenzi ya mtu asiyejua kusema.

"Nami nilijaribu," wifi akaendelea. "Usiku ule ule wa panya. Nikaweka kiganja. Ukanichapa mkono, ukafumbua macho ukasema, wifi, vipi tena? Nikaona haya mimi mtu mzima. Nikarudi kitandani kwangu nikanuna. Halafu ukanifukuza. Nikasema potelea mbali, kama hataki kulindwa asilindwe."

"Kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

"Nilimuuliza. Akasema, akijua atakaa macho akijiogopa. Akasema unajisifia usingizi wako kama watu wanavyojisifia watoto, na yeye hana moyo wa kukunyang'anya."

Fundi aliitazama shuka iliyoanguka. Kulikuwa na jambo linamjia kwa mbali na hakutaka lifike.

"Wifi," akasema. "Sasa yeye alikuwa analala saa ngapi?"

Wifi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa mahali linapochomoza jua.

"Si mchana? Pale kibandani."

Jambo likafika. Fundi aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya uani, juu ya shuka safi ya watu. Alimwona mumewe paji la uso mezani, lenzi jichoni. Alijiona mwenyewe mlangoni na chakula, amelala usiku wake wote akatosheka, ana nguvu, anapiga makofi. *Nimeolewa na mto.* Na mto ule ukainuka, ukafuta kidevu, ukacheka. Siku moja tu angesema! Siku moja tu, mbele ya kinyozi na wateja wake, angesema, mke wangu, niache, ni wewe uliyenikesha. Hakusema. Alikubali kuitwa mvivu na mtaa mzima ili mkewe aendelee kuwa maji mtungini.

Alilia kwa sauti, mdomo wazi, pengo nje, mbele ya wajukuu wa watu. Yule mtoto aliyemburura paka alikuja kumtazama kwa karibu. Wifi aliketi naye chini, akamshika mgongo.

Walipotulia wakanywa chai, na Fundi akamweleza habari za kinga ya plastiki. "Ningekuja nilale kwako," wifi akasema, "lakini unaiona nyumba. Wawili wanalala nami, na yule mdogo kifua chake si kizuri."

"Najua, wifi. Usijisumbue."

"Nitakupigia jioni kuuliza kama umeivaa hiyo plastiki."

"Nipigie."

Daktari alipomwona tu akauliza shahidi amesemaje. "Amenitia hatiani," Fundi akajibu, akapanda kwenye kiti na kufumbua kinywa. Hakutaka kuulizwa zaidi. Skrubu ya mwisho ikatiwa. Kinga ikatengenezwa kwa kipimo cha meno yake, ngumu na angavu kama glasi, na daktari akamwelekeza namna ya kuivaa na kuiosha.

"Lakini uelewe, mama. Haitakuzuia kusaga. Utasaga tu. Kazi yake ni kupokea nguvu, meno yasidhurike."

"Haitanituliza?"

"Kutuliza haiwezi."

Fundi aliigeuza kiganjani. Ilikuwa nyepesi na baridi. Akaitia mkobani.

Aliivaa. Mwanzoni ilimchefua, ikamjaza mate, akaamka imelala kwenye mto kama kitu kilichotemwa, akaiosha akairudisha. Kila jioni simu ililia. "Umeivaa?" "Nimeivaa." "Lala salama." Yalikuwa maneno machache kuliko ya mlinzi wa geti, lakini Fundi alianza kuyangoja tangu alasiri. Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Alilala upande wake ule ule wa kitanda, na wakati mwingine kabla usingizi haujamchukua aliweka kiganja chake mwenyewe chini ya sikio, bila kukaza. Hakikusaidia. Kiganja cha mtu mwenyewe kinalala naye.

Ilipita ile miezi ambayo mfupa uliitaka. Siku ya mwisho daktari aligonga skrubu kwa mpini wa kioo chake, akatega sikio, akagonga tena. Ilitoa mlio mkavu wa kitu kilichoshikwa. Akaweka jino jipya juu yake na kumpa Fundi kioo ajitazame.

"Cheka, mama."

Alicheka kidogo kwa ajili yake, maana kijana alikuwa amehangaika. Jino lilikuwa zuri. Jioni ile mwanawe alipopiga, Fundi aliteremsha kamera kutoka darini hadi usoni, na mtoto akamtazama, kisha akasema, "Mama, umezeeka."

"Feni ndiyo haizeeki," akamjibu.

Kesho yake alifanya alichokuwa amejiahidi: alishuka mtaani. Alipita kwa muuza mboga, akapita kwa fundi viatu, akajibu salamu kwa kinywa wazi. Kibandani kwa mumewe sasa kulikuwa kunauzwa vifuniko vya simu. Kinyozi alimwona kwa mbali akatoka nje na wembe mkononi, mteja wake akabaki amejikunyata na povu.

"Fundi! Umetutupa! Jamani, njooni mumwone, mwenye mtaa karudi!" Akawageukia vijana waliokuwa wakingoja kwenye benchi. "Huyu mama nyinyi hamumjui. Mumewe alikuwa hapo hapo penye vifuniko. Mzee Usingizi. Saa za watu wote zinakwenda, yeye kasimama! Mama huyu akija na chakula anampigia makofi. Fundi, hebu wapigie. Ulikuwa unasemaje vile? Umeolewa na nini?"

Vijana walishaanza kucheka. Kinyozi alikuwa amekunjua uso tayari, anangoja kile kicheko chake cha zamani kije kimalizie, na hakuwa na ubaya wowote, masikini. Alikuwa anamkaribisha nyumbani kwa njia aliyoijua. Jino lilikuwepo. Hakukuwa na pengo la kuficha. Fundi alitazama pale kwenye vifuniko vya simu, palipokuwa na meza.

"Hakuwa mvivu," akasema. "Alikuwa na kazi ya usiku."

Kicheko kikakatika. Kinyozi aliteremsha wembe.

"Kazi ya usiku? Mzee? Kazi gani hiyo, Fundi, mbona sisi hatukuijua?"

"Hata mimi sikuijua," akasema.